Sumaku na Mawe ya Nyongo

Chini ya ini la mwanadamu kuna kifuko kidogo kihifadhicho nyongo, na pengine ndani yake hufanyika mawe. Sisi wa Kisian, na wote wakaao kando ya Ziwa Viktoria, hatuna budi kuyajua mambo hayo, maana huku si wachache wazaliwao na selimundu. Chembe zao nyekundu za damu hufa upesi, na masazo yake hugandamana yakawa mawe; hata mtoto huyapata.

Wa kwanza kukiondoa kifuko hicho alikuwa Carl Langenbuch, mjini Berlin, mwaka 1882. Alipasua tumbo wazi. Ikapita miaka 103 ndipo Erich Mühe, Mjerumani vile vile, alipokitoa kwa matundu madogo, mgonjwa akaweza kurudi shambani mapema. Wakubwa wa kazi yake walimdharau. Mwaka 1992 wakamtunukia heshima!

Lakini kila tundu ni jeraha, na moja lilikuwa la kukiinulia kifuko tu, mpasuaji apate kuona. Daktari Alberto Rodríguez-Navarro wa Chile akakumbuka sumaku. Kibanio kidogo huingizwa tumboni, kikauma kifuko. Nje, juu ya ngozi, sumaku kubwa hukivuta, nacho huinuka kana kwamba kimeshikwa na mkono. Tundu moja likaachwa. Marekani ilikiruhusu chombo hicho mwaka 2016. Walakini nguvu za sumaku hupungua kwa umbali, hivyo tumbo nene huzishinda. Wala haifai kumkaribia mtu aliyetiwa kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo ya moyo.