Pikapu Mpya na Dhamana Yake, kutoka Mwadui hadi Geita

Habari za usafiri katika nchi ya Usukuma huanzia aghalabu kwenye reli, ambayo tawi lake la kutoka Tabora lilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, kisha huendelea na malori ya pamba na mabasi. Ama juu ya jambo ambalo kila aliyeagiza gari jipya kutoka ng'ambo alilazimika kulifikiri kabla ya kutoa fedha yake, yaani ni nani atakayelitengeneza litakapoharibika, na kwa mali ya nani, waandishi wamepita kimya. Nami naona kwamba jambo hilo, kuliko bei na kuliko nguvu za injini, ndilo lililoamua ni gari gani likae Shinyanga na Geita, na ni gari gani lipite kama mgeni wa usiku mmoja.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, nao katika zama zake ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki. Na huko Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga, Dakta John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua mwamba wenye almasi mwaka 1940. Chombo kilichoagizwa Uingereza kilikuja kwa meli hadi Dar es Salaam, kikapakiwa kwenye gari moshi na kusafirishwa karibu kilomita 1,000 kabla ya kumfikia aliyekiagiza. Hivyo tajiri mwenye busara hakuweka tumaini lake katika ahadi ya kiwanda kilichoko Ulaya, bali alijijengea karakana yake mwenyewe na ghala ya vyuma vya akiba. Mwadui ikawa mji wa peke yake ndani ya uzio, wenye umeme wake, hospitali yake, shule yake, kiwanja chake cha ndege na karakana zake, na katika karakana hizo vijana wengi walijifunza ufundi ambao baadaye walitoka nao kwenda kufungua gereji zao mitaani.

Mtu mmoja mmoja asiyekuwa na mgodi hakuwa na njia hiyo. Land Rover ilipotokea mwaka 1948, ilipendwa mno na mabwana shamba, wapimaji na wamisionari kwa kuwa ilipita mahali ambapo motokaa nyingine zilikwama, hususan katika ule udongo mweusi wa mbuga ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa masika hushika gurudumu lisitoke. Maofisa wa serikali ya mkoloni waliokwenda kwao kwa likizo waliweza kununua gari huko huko Uingereza kama bidhaa ya kupelekwa nje, wakasamehewa kodi ya mauzo ya huko, wakalitembelea muda wa likizo yao, kisha wakalipakia melini kurudi nalo kazini. Biashara hiyo ilionekana nzuri sana, na kwa bei ilikuwa nzuri kweli. Lakini dhamana ya viwanda vya Uingereza siku hizo aghalabu ilikuwa ya miezi 6 tu, na sehemu nzuri ya miezi hiyo ilikwisha likizoni na baharini. Fauka ya hayo, ilihusu chuma kilichovunjika wala si ujira wa fundi, na mwenye gari alitakiwa kukirudisha chuma hicho kiwandani kwa nauli yake mwenyewe ili kikaguliwe na kuamuliwa kama kosa ni la mtengenezaji ama ni la barabara. Msomaji na akisie ni wangapi walioko Shinyanga waliojisumbua kurudisha springi iliyokatika hadi Uingereza.

Walioleta mabadiliko makubwa zaidi walikuwa wakulima. Shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa, lililoandikishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilihitaji malori ya kuchukua pamba kutoka vituo vya kununulia hadi kwenye viwanda vya kuichambua, na mahali penye malori mengi ya namna moja wauzaji wa vipuri hawachelewi kufungua duka. Mwanza ukawa ndio mji wa mafundi na spea kwa nchi yote iliyozunguka upande huu wa ziwa, Shinyanga na Geita zikiwemo, na cheo hicho haujakivua hadi leo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na katika miaka ya 1970 magari yakawa chini ya Shirika la Magari la Taifa. Kwa fikra ilikuwa rai njema: mwagizaji awe mmoja, aina za magari ziwe chache, vipuri viagizwe kwa wingi. Lakini vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, bei ya mafuta ikapanda, vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na gari likawa halikosi injini wala bodi, bali hukosa beringi moja ndogo ambayo kuipata kulihitaji kibali cha fedha kutoka Benki Kuu. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawakusahau namna magari ya idara na ya miradi yalivyowekwa juu ya mawe, leo yakinyofolewa dainamo, kesho gia boksi, hata matatu yakafa ili moja liishi. Dhamana ya kiwanda katika hali ile haikuwa na maana yoyote.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila ya kuulizwa sana walizipata wapi, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi mlango ukafunguka zaidi. Hapo ndipo magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika, mengine moja kwa moja na mengine kwa kupitia Dubai. Haya hayakuja na dhamana, wala hakuna aliyeidai. Mnunuzi alitazama kilomita, akasikiliza injini, akamwomba Mungu. Na kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kumkinga, alichagua gari ambalo kila fundi wa Kahama na Katoro analijua na kila duka lina spea yake, mpya, ya mtumba au ya bandia. Watu husema Toyota ilishinda kwa ugumu wake, nami silikatai. Ila naamini ilishinda zaidi kwa sababu hiyo ya spea, na kila gari moja lililoongezeka likazidi kurahisisha maisha ya lile lililotangulia.

Kisha migodi mikubwa ikarudi: Geita ilifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi ya Kahama mwaka 2009. Pamoja nayo zikaja Land Cruiser za mkonga, zenye bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa, taa ya rangi ya chungwa juu na kibendera kwenye fimbo ndefu ili dereva wa lori kubwa la mgodini alione gari dogo lililo chini yake. Migodi haikuwa na shida ya dhamana, maana ilinunua magari kwa makumi na kuandikiana mikataba ya matengenezo na mawakala, kwa namna ile ile aliyoifuata Williamson, isipokuwa sasa kwa kalamu za wanasheria. Na gari lilipochakaa likauzwa kwa mnada, raia akalichukua, akaanza nalo maisha mapya.

Mtu ambaye hadithi hii inamhusu zaidi ni yule aliye katikati: mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, wa Nyarugusu huko Geita, mwenye karasha ya kusagia mawe, mnunuzi wa dhahabu anayepeleka mali yake kwenye soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019. Huyu amechoka na gari la mtumba. Anataka pikapu mpya, dabo kabini, ya dizeli, ambayo kiti chake hakijakaliwa na mtu. Anaona bei ya Dubai, analinganisha na bei ya wakala wa Dar es Salaam, na tofauti inamtia tamaa. Asichokihesabu mara moja ni forodha: kwa kila 100 za thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa asilimia 25 huzifanya 125, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya hizo huzifikisha 147.5, kabla ya tozo nyingine, gharama za bandari na ujira wa wakala wa forodha.

Ndani ya kisanduku cha dashibodi atakuta kijitabu cha dhamana, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, chenye kurasa za mihuri. Kila ukurasa una nafasi ya tarehe, ya kilomita na ya muhuri wa karakana. Ahadi ya kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na kwa pikapu inayokwenda kilomita 200 kila siku kati ya machimbo na mjini, hizo kilomita 100,000 huisha kwa siku 500. Ikiwa kiwanda kinataka sevisi kila kilomita 5,000, basi ni kila baada ya siku 25, mara 20 kabla ya dhamana kwisha, na kila mara kwenye karakana inayotambuliwa, ambayo kwa mtu wa Geita maana yake ni safari ya Mwanza. Pedi za breki, klachi, matairi na filta havimo katika dhamana. Na kwa herufi ndogo imeandikwa nchi ambazo dhamana hiyo inatumika, yaani zile za Ghuba, Tanzania haimo. Wakala wa Dar es Salaam hakuliuza gari hilo, hakupata faida yake, na akikataa kulitengeneza bure sioni kwa haki gani tumlaumu.

Yako pia mambo ya hewa na mafuta. Nilimtazama fundi mmoja wa Katoro akichomoa filta ya hewa ya pikapu ambayo plastiki ya viti vyake ilikuwa haijabanduliwa: aliigonga mara mbili kwenye tairi, vumbi jekundu likamwagika, akaipuliza kwa kompresa, akairudisha, wala hakuna muhuri uliopigwa kwa kazi hiyo. Ama walioagiza pikapu zilizoundwa kwa soko la Ulaya wana taabu ya namna nyingine, kwa kuwa mitambo ya kuchuja masizi katika magari hayo ilikusudiwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango zilichokubaliana nchi za Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2015 ni sehemu 50. Chujio likiziba, kiwanda hujibu kwamba mafuta hayakuwa yake, na kwa mujibu wa masharti yake kinasema kweli.

Hali inabadilika kidogo kidogo. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi inunue bidhaa na huduma kwa Watanzania kwanza, na daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea mtu wa Geita saa za kungoja kivuko akienda karakana ya Mwanza. Hata hivyo anayekusudia kuagiza pikapu mpya kutoka ng'ambo asitume fedha kabla ya kumwandikia wakala wa kampuni hiyo hapa nchini, akimtajia namba ya chesisi na kumuuliza mambo mawili, kama dhamana ya gari hilo ataiheshimu na kama vipuri vya injini hiyo anavyo. Na jawabu alipate kwa maandishi yenye sahihi, si kwa simu.