Rezista hurefusha uhai wa glopu, lakini hupunguza mwanga

KIGALI – Glopu ya waya, ambayo uzi wake wa tangsteni hutoa mwanga kwa kupashwa joto, inaweza kudumu zaidi ikitanguliwa na rezista, yaani kifaa kinachopunguza nguvu ya umeme unaoifikia. Njia hiyo hufanya kazi, ila ina gharama yake.

Uzi wa glopu hufikia joto la takriban nyuzi 2,500 za Selsiasi. Katika joto hilo tangsteni huvukizwa polepole, uzi hukonda na hatimaye hukatika. Aghalabu hukatika wakati wa kuwashwa, kwa kuwa uzi ulio baridi hupitisha mkondo mkubwa wa ghafla.

Umeme wa majumbani nchini Rwanda ni wa volti 230. Kwa glopu ya wati 60, rezista ya omu 47 hupunguza volti kwa takriban asilimia 5. Kiasi hicho kidogo chatosha kuongeza uhai wa glopu mara mbili hivi, kutoka saa 1,000 hadi 2,000. Hata hivyo, mwanga hupungua kwa asilimia 16, ilhali matumizi ya umeme hupungua kwa asilimia 3 tu, kwani takriban wati 3 hupotea kama joto ndani ya rezista.

Joto hilo ni hatari. Rezista ndogo za redio huungua; inahitajika ya wati 10, ikae mbali na mbao na plastiki, na ifungwe na fundi umeme baada ya kuzima swichi kuu. Haifai kwa taa za LED.

Baada ya upungufu mkubwa wa umeme wa mwaka 2004, shirika la Electrogaz, kwa msaada wa Benki ya Dunia, lilisambaza taa za kubana matumizi badala ya glopu za waya. Leo LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na wa glopu ya wati 60. Katika saa 1,000, glopu yenye rezista hutumia yuniti 58 za Cash Power. LED hutumia 9.

Kwa hiyo rezista hufaa pale tu ambapo glopu ya waya ni ya lazima na ni vigumu kuifikia. Kwa anayetaka kuokoa fedha, kubadilisha taa ndiyo njia bora.