Jedwali Lililojifunza Kujihesabu

Mwaka 1978, Dan Bricklin alikuwa akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Siku moja darasani, mwalimu alichora jedwali ubaoni na kulijaza hesabu za kampuni. Kila alipogundua kosa au kutaka kubadilisha kadirio, ilimbidi afute tarakimu nyingi na kuziandika upya, kwa kuwa kila moja ilitegemea nyingine. Bricklin akawaza: laiti kungekuwa na ubao unaojirekebisha wenyewe!

Msimu wa vuli, akiwa na kompyuta ya Apple II ya kuazima, aliandika programu ya majaribio. Kisha akamwita Bob Frankston, rafiki yake wa tangu siku za chuo cha MIT. Wakati wa baridi Frankston aliandika programu kamili, akifanya kazi usiku kwenye kompyuta kubwa ya kukodi, maana saa za usiku zilitozwa nafuu. Januari 1979 wakaanzisha kampuni, Software Arts, na kabla ya mwaka kwisha programu yao, VisiCalc, ilikuwa madukani.

Ilikuwa na safu wima 63 zenye majina ya herufi na safu mlalo 254 zenye namba. Zilipokutana palikuwa na seli, na kila seli ilikuwa na anwani yake. Tuseme mwenye duka aliandika mauzo, 500,000, katika A1, na gharama, 350,000, katika A2. Katika A3 hakuandika faida, bali aliandika +A1-A2. Papo hapo ilitokea 150,000. Gharama zikipanda hadi 400,000, alibadilisha A2 peke yake, na A3 ikasoma 100,000 bila kuguswa.

Swali la "je, bei ikipanda?" lililokuwa likimkalisha mhasibu mezani hadi jioni sasa lilijibiwa kwa sekunde chache. Wafanyabiashara wengi walinunua Apple II kwa ajili ya VisiCalc tu, na mashine iliyodhaniwa kuwa ya wapenda michezo ikaingia maofisini.

Bricklin na Frankston wenyewe hawakudumu kileleni. Hawakupata hataza, kwani enzi hizo programu hazikupewa ulinzi huo kirahisi. Mwaka 1983 Mitch Kapor alileta programu shindani, Lotus 1-2-3, kwa kompyuta za IBM, yenye kasi zaidi na uwezo wa kuchora grafu, na miaka miwili baadaye kampuni yake ikainunua mali ya Software Arts. Mwaka huohuo wa 1985 Microsoft ilitoa programu yake, Excel, kwanza kwa Macintosh.

Programu za aina hii, ziitwazo lahajedwali, leo zina mamilioni ya seli, lakini msingi ni uleule: namba huandikwa mara moja, mahali pamoja, na zinazoitegemea huiita kwa anwani yake. Anayeanza kujifunza aanze na fomula. Rangi na mistari vitafuata.