Vitabu vya ndoa vya Wakweka na vya wengine waliokataa Eklezya ya serikali katika Uingereza

Sisi tunaoshika vitabu vya parokia tunazoea maswali ya wakristu: baba yangu alifunga ndoa mwaka gani, mashahidi wake nani? Tunafungua Liber matrimoniorum na jibu linaonekana. Katika Uingereza kazi hii ni ngumu zaidi. Mtu anayetafuta ukoo wake anajua kwamba babu zake walikuwa Wabatisti. Anapekua kitabu cha kapela yao, anakuta ubatizo na maziko, lakini ndoa hakuna. Upesi anakata shauri kwamba waliishi bila ndoa. Hiyo ni hukumu nzito juu ya marehemu, na mara nyingi si ya haki.

Sababu yake ni sheria. Zamani katika London, karibu na gereza la Fleet, mapadri fulani wa Kianglikani walifungisha ndoa za siri kwa fedha, bila matangazo. Ili kukomesha fujo hiyo, Lord Hardwicke alipitisha sheria mwaka 1753, nayo ikaanza kufuatwa tarehe 25 Machi 1754. Tangu siku hiyo ndoa ilipaswa kufungwa katika kanisa la Kianglikani, kwa matangazo au kwa ruhusa maalum, na kuandikwa kitabuni pamoja na sahihi. Wakweka na Wayahudi waliachwa na desturi zao. Lakini Wabatisti, Wapresbiteri, Waindependenti, hata Wakatoliki, wote walilazimishwa kwenda kwa paroko ambaye imani yake hawakuikubali. Mambo yaliendelea hivyo mpaka tarehe 1 Julai 1837. Basi ndoa ya yule Mbatisti itafutwe katika kitabu cha Waanglikani! Tena kitabu hicho hakisemi dini ya waliooana. Yafaa kulinganisha majina na kitabu cha ubatizo cha kapela.

Wakweka ni jambo jingine, na hapa tunataka kukaa kidogo. Wao hujiita Marafiki. Walianza na George Fox katikati ya karne ya 17, na hata katika Afrika yetu wako: Kaimosi katika Kenya tangu 1902, na Kibimba katika Burundi tangu 1934. Hawana padri, hawana ubatizo wa maji. Mtu angedhani kwamba watu wa namna hiyo hawaandiki kitu. Kumbe wameandika kuliko wote! Waliotaka kuoana walijitokeza mbele ya mkutano wa mwezi na kutaja nia yao. Mkutano ulichagua watu wa kuchunguza kama wako huru, bila ahadi kwa mwingine, na kama wazazi wanakubali. Kwa kawaida walijitokeza mara ya pili mwezi uliofuata. Ndipo wakapewa ruhusa. Siku ya arusi walisimama kati ya ndugu zao, wakapokeana kwa maneno yao wenyewe, cheti kikasomwa, na watu waliokuwapo wakatia sahihi kama mashahidi. Si wawili, pengine makumi. Kwa mwenye kutafuta ukoo, karatasi moja ya namna hii ni kijiji kizima: wajomba, mashangazi, majirani.

Tulifunzwa katika teolojia kwamba wenye kuoana ndio wahudumu wa sakramenti, na padri ni shahidi wa Eklezya. Tusichanganye mafundisho yetu na yao. Lakini msomaji wa vitabu hivyo atatambua kwamba nguvu ya kukubaliana waliielewa vizuri.

Tarehe zao zina mtego. Hawakutaka majina ya miezi yaliyotoka kwa miungu ya wapagani, wakahesabu tu: mwezi wa kwanza, wa pili. Lakini kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, na Machi ndiyo ilikuwa mwezi wa kwanza wa Wakweka. Kwa hiyo mwezi wa 11 wa 1720 ni Januari 1721 kwa hesabu yetu. Asiyejua hayo ataandika mtoto amezaliwa kabla ya arusi, na kumchafulia mama jina bure.

Mkweka aliyeoa nje alifukuzwa katika chama. Kanuni hiyo ililegezwa karibu na 1860. Kwa mtafutaji, kosa lake ni faida: vitabu vya mikutano hutaja kwamba fulani ameoa «mbele ya padri», na hapo twajua kwamba tumtafute kwa Waanglikani.

Baada ya 1837 serikali ilikusanya vitabu vingi vya makapela. Sheria ya 1840 ikavipa nguvu mbele ya hakimu. Leo viko katika nyumba ya hifadhi ya taifa huko Kew. Wakweka walinakili kwanza muhtasari wa vyao, kisha wakavitoa.

Wakatoliki je? Wengi walioana mara mbili, kwanza mbele ya padri wao, halafu kwa Mwanglikani ili sheria itimizwe. Tena amri Tametsi ya Mtaguso wa Trento (1563) haikutangazwa kule; ilikuwa mpaka 1908, kwa Ne temere, ndipo sharti la padri na mashahidi wawili likawafunga. Vitabu vyao vingi havikutolewa kwa serikali, isipokuwa baadhi, hasa vya kaskazini. Vingine yafaa kuviulizia parokiani au katika hifadhi ya jimbo.