Utafiti wa VVU katika mikoa ya Mbeya na Songwe

Utafiti wa VVU katika mikoa ya Mbeya na Songwe ni kazi ya kisayansi kuhusu virusi vya UKIMWI inayofanyika kusini-magharibi mwa Tanzania tangu miaka ya 1990. Kitovu chake ni kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) jijini Mbeya, kilichoanza mwaka 1996 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha München, Ujerumani. Tunduma na wilaya jirani zilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya hadi mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, hivyo tafiti za zamani hutumia jina la Mbeya kwa eneo lote.

Mazingira

Barabara kuu ya Dar es Salaam–Zambia hupita Mbeya, Mlowo na Vwawa na kuvuka mpaka Tunduma, mkabala na Nakonde. Madereva wa malori husubiri forodhani, na biashara ya nyumba za wageni na baa imekua kutokana na kusubiri huko.

Virusi navyo hukutana hapa. Aina C ya VVU-1 imeenea kusini mwa Afrika, zikiwemo Zambia na Malawi. Aina A na D ni za Afrika Mashariki. Mtu akiambukizwa aina mbili, zinaweza kubadilishana vipande vya jeni ndani ya seli moja na kuzaa virusi mchanganyiko. Virusi vya namna hiyo vimepatikana kwa wingi Mbeya.

Wahudumu wa baa

Mwaka 2000 wanawake 600 waliofanya kazi katika baa, wengi kandokando ya barabara kuu, waliandikishwa katika utafiti. Asilimia 68 walikuwa tayari na VVU. Walipimwa kila baada ya miezi mitatu, wakipewa ushauri na matibabu ya magonjwa ya zinaa. Maambukizi mapya yalishuka kutoka 13.9 hadi 5.0 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haiwezekani kusema ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na huduma.

Siku za kwanza za maambukizi

Utafiti wa RV217 (2009–2015) ulifanyika Mbeya, Kericho, Kampala na Thailand. Watu 2,276 wasio na VVU walichomwa kidole mara mbili kwa wiki ili virusi vinaswe mapema, 112 waliambukizwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Virusi vilifikia kilele, takriban milioni 5 kwa mililita ya damu, kwa kawaida siku 13 baada ya kuonekana mara ya kwanza. Kipimo cha kingamwili kiligundua maambukizi siku ya 14, yaani kilele kikiwa kimeshapita. Wengi walikuwa na dalili chache mno, kiasi kwamba hata daktari makini asingewatambua.

Chanjo

Chanjo iliyotoa kinga kiasi nchini Thailand, kama asilimia 31 (2009), ilitengenezwa kwa aina B na E, ambazo si za ukanda huu. Sehemu yake ilijaribiwa tena katika PrEPVacc, utafiti wa Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban ulioanza mwaka 2020. Uchanjaji ulisimamishwa Novemba 2023, wasimamizi huru walipoona hakuna matumaini ya chanjo hizo kuzuia maambukizi.