Soka

Soka ni mpira wa miguu, mchezo uitwao pia kandanda au kabumbu. Asili ya neno hili ni misimu ya wanafunzi wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Chama cha mpira wa miguu kiliundwa London mwaka 1863, na cha raga mwaka 1871, hivyo michezo hiyo miwili ikahitaji majina ya kuitofautisha. Wanafunzi wa Oxford walipenda kufupisha maneno na kuyabandika kiishio "er". "Association", yaani chama, ikakatwa ikawa "soccer", na "Rugby" ikawa "rugger". Kiswahili kiliipokea "soccer" kwa matamshi yake, kikaiandika soka.