West Nile: Nchi Iliyogawanywa kwa Njia ya Maji

Mvua inaponyesha Vurra, kusini ya mji wa Arua kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, maji yake hushika njia mbili. Yale yanayoteremkia mashariki huingia vijito vinavyoelekea Mto Naili, na kutoka hapo yakaanza safari ndefu kupitia Sudan na Misri hadi Bahari ya Mediterania. Yale yanayoteremkia magharibi huingia mito ya Kongo, yakapita Kibali, Uele na Ubangi, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Mawingu ni yale yale, na pengine shamba ni la mtu mmoja, lakini maji hayo hayatakutana tena.

Mgongo huo wa nchi ndio ambao wachora ramani wa Ulaya waliuchagua kuwa mpaka. Kwa macho ya mtu aliyeketi London au Brussels jambo hilo lilikuwa la busara, maana mto na mlima havihitaji mlinzi. Lakini Mlugbara wa Vurra hakupata kuuona mgongo ule kama ukuta. Aliuona kama mahali pa kupita akienda kwa shemeji yake. Kutofautiana huko kwa macho ndiko kulikozaa sehemu kubwa ya mambo yaliyowapata watu wa Arua na Koboko katika muda wa miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

West Nile, yaani nchi iliyo magharibi ya Naili, ina makabila yenye lugha zisizo na asili moja. Walugbara na Wamadi wanafanana kwa lugha. Waaluri wa kusini, karibu na Ziwa Albert, husema lugha ya Kiluo. Wakakwa wa Koboko husema lugha iliyo jirani ya Kibari cha Sudan Kusini. Hapakuwa na mfalme mmoja aliyewatawala wote, na kwa sababu hiyo wageni wengi walioandika habari zao walisema kwamba hawakuwa na utawala. Ukweli ni kwamba kila ukoo ulikuwa na wazee wake na mipaka yake ya malisho na visima, na ulijua nani ni ndugu na nani si ndugu.

Ziwa lenyewe lilipewa jina la mtu ambaye hakupata kuliona. Mnamo mwezi Machi 1864 Mwingereza Samuel Baker alifika ufukoni, akaliita Albert kwa heshima ya mume wa Malkia Viktoria, aliyekuwa amekwisha kufa. Desturi hiyo haikuishia kwa Waingereza. Katika miaka ya 1970 Mobutu alilipa ziwa hilo hilo jina lake mwenyewe upande wa Zaire, na Idi Amin akafanya vivyo hivyo kwa Ziwa Edward. Watawala wote wawili walianguka na majina yao yakafutika, na katika muda wote huo wavuvi waliendelea kuvua. Hata sangara wanaojulikana sana leo Mwanza na Kisumu walitoka huko: katika miaka ya 1950 walichukuliwa Ziwa Albert wakapandikizwa Ziwa Viktoria.

Baada ya Baker zikaja ngome za serikali ya Misri ukingoni mwa Naili, Dufile na Wadelai. Hapo ndipo alipokaa Emin Pasha, daktari wa Kijerumani aliyeitwa Eduard Schnitzer, akiwa gavana wa jimbo lililokwisha kutengwa na Khartoum kwa sababu ya vita vya Mahdi. Mwaka 1888 askari wake mwenyewe walimfunga Dufile. Stanley alikuja kumwokoa, wakaondoka pamoja mwaka 1889, na askari wengi wakaachwa nyuma pamoja na wake na watoto wao. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta upande wa magharibi wa ziwa, akawachukua mamia kadhaa yao kuwa askari wa Uingereza katika Uganda. Hao ndio chimbuko la Wanubi, ambao leo wanaishi Arua, Bombo na hata Kibera ya Nairobi, na lugha yao ilizaliwa katika Kiarabu cha kambi. Yapasa ikumbukwe kwamba bunduki za wana wa nchi hii zilianza kutumika katika ugomvi wa wengine tangu siku hizo.

Lakini kisa cha ajabu kuliko vyote kilikuwa bado. Mwaka 1894 Uingereza ilifanya mkataba na Leopold, Mfalme wa Ubelgiji, aliyekuwa akiimiliki Kongo kama shamba lake binafsi. Kwa mkataba huo Leopold alikodishiwa ardhi ya magharibi ya Naili, ikaitwa Lado, naye angekaa nayo muda wa uhai wake. Akifa, nchi irudi. Wakakwa na Walugbara hawakuwa na habari kwamba wamekodishwa. Majeshi ya Kongo yalifika mwaka 1897, yakawashinda watu wa Mahdi huko Rejaf, na tangu hapo hatima ya nchi nzima ikategemea afya ya mzee mmoja aliyekuwa Ulaya.

Mzee huyo alifariki Desemba 1909. Lado ilikabidhiwa kwa serikali ya Sudan mwezi Juni 1910, isipokuwa kipande cha Mahagi kilichoachiwa Kongo ili nayo ipate mlango wa kuingilia ziwani. Katika miezi hiyo ya katikati, mwenye nyumba wa zamani amekufa na mpya hajaingia, wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika kutoka pande zote. Mmoja wa wageni waliokuja kwa shughuli ya bunduki alikuwa mtu mkubwa kabisa: Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani nchini Marekani mwaka 1909. Mnamo Januari 1910 alivuka Ziwa Albert na kuteremka Naili, akapiga kambi ukingo wa magharibi, na yeye na mwanawe wakaua vifaru weupe tisa kwa ajili ya makumbusho. Mahali hapo paliitwa Rhino Camp, na jina limebaki mpaka leo. Vifaru wenyewe hawakubaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha kutoweka porini katika Uganda yote.

Serikali ya Sudan nayo haikukaa. Tarehe 1 Januari 1914 sehemu ya kusini ya Lado ilitolewa kwa Uganda, na Uganda ikatoa Gondokoro na Nimule kwa Sudan. Mtoto aliyezaliwa Koboko mwaka 1893, bila kuhama nyumba ya baba yake, alikuwa amekwisha kupita mikononi mwa Leopold, kisha Ubelgiji kwa miezi michache, kisha Sudan, na sasa Uganda, kabla hajatimiza miaka ishirini na miwili. Mto Kaya ukafanywa sehemu ya mpaka wa Sudan. Mgongo wa maji ukabaki mpaka wa Kongo. Wakakwa, walio kabila moja, wakajikuta ndani ya nchi tatu. Mwaka huo huo Waingereza walianzisha boma la Arua, na bwana shauri wa kwanza, Weatherhead, akaanza kazi ya kuwapa machifu watu ambao hawakuwa nao.

Jibu la watu wa nchi lilikuja kwa njia ya maji. Mkakwa mmoja aliyeitwa Rembe alikuwa akigawa maji ya Yakan, na aliyeyanywa aliamini kwamba atakingwa na maradhi na risasi za serikali. Waingereza walimkamata, naye akanyongwa Yei mwaka 1917. Lakini maji yake yaliendelea kunywewa, na mwaka 1919 wafuasi wake kati ya Walugbara walipambana na polisi, wakashindwa. Hapana msomaji wa Tanzania asiyekumbuka hapa Kinjikitile na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hakuna uhusiano unaojulikana kati ya Ngarambe na Koboko. Ni mbali mno. Ila watu wawili walioonewa kwa namna moja waliinamia chemchemi wakitafuta kinga moja.

Baada ya hapo West Nile iligeuzwa ghala la nguvu za watu. Vijana walichukuliwa kwenda mashamba ya miwa na pamba kusini mwa Uganda, na wengine wakaandikwa katika jeshi la King's African Rifles. Tumbaku ilikuja baadaye, nazo shule za wamisionari zilikuwa chache. Kwa kijana wa Koboko, jeshi lilikuwa barabara mojawapo chache zilizotoka nje. Kwa barabara hiyo alitoka Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, akajiunga na jeshi mwaka 1946.

Mapinduzi ya Januari 1971 na yaliyofuata yanajulikana. Yasiyosemwa sana ni haya: wengi wa wakulima wa Arua hawakuonja utawala ule isipokuwa kwa kusikia, na wenzao waliokuwa karibu nao walilipa kwa damu. Michael Ondoga, Mlugbara, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje; mwaka 1974 aliuawa na mwili wake ukaokotwa katika Mto Naili. Mwezi Machi mwaka huo huo Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin, alikufa katika jaribio la kumpindua. Hata hivyo, serikali ilipoanguka Aprili 1979, jina la mtu mmoja liligeuzwa kuwa jina la mkoa mzima. Majeshi ya Tanzania yalipofika Arua hayakukuta mapigano makubwa. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kwa hofu ya kisasi, wengine wakarudi mambo yalipotulia.

Kisasi chenyewe kilikuja baadaye. Oktoba 1980 mabaki ya jeshi la Amin yalishambulia Koboko na Arua kutoka ng'ambo. Jeshi jipya la Uganda lilijibu kwa kuwaadhibu raia: nyumba zilichomwa, maduka yakaporwa, na watu wakauawa bila kuulizwa walikuwa upande gani. Tarehe 24 Juni 1981 makumi ya watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali yao wenyewe. Miongoni mwa maneno waliyotupiwa watu wa West Nile ni kwamba wao si Waganda, ni watu wa Sudan. Ajabu ya tusi hilo ni kwamba serikali zenyewe ndizo zilizowapa Sudan mwaka 1910 na kuwarudisha mwaka 1914. Kama Mkakwa ana binamu upande wa pili wa Kaya, si yeye aliyeuhamishia mto huo kazi ya mpaka.

Na binamu hao ndio waliowaokoa. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Zaire na wilaya ya Mto Yei katika Sudan. Mashirika ya misaada yalijenga kambi, lakini wakimbizi wengi walikataa kuingia kambini kwa muda mrefu kadiri walivyoweza, wakapewa mahali pa kulima na wenyeji waliosema lugha yao. Mstari ambao uliwatenga kwa miaka sabini ulikuwa bado haujapenya ndani ya nyumba. Kuanzia mwaka 1986 vita vya Sudan viliwafukuza tena, wakarudi kwenye vichaka vilivyoota juu ya maboma yao. Amani haikuja mara moja. Kundi la mwisho kubwa la waasi wa huko lilitia saini mapatano na serikali huko Yumbe mwezi Desemba 2002. Koboko ilifanywa wilaya kamili mwaka 2005.

Mnamo Julai 2016 vita vya Sudan Kusini vilipolipuka upya, njia ikageuka. Watu wa Yei, wengi wao Wakakwa, walivuka Kaya kuja Uganda wakiwa na magodoro na watoto mgongoni. Kambi ya Bidi Bidi, katika wilaya ya Yumbe iliyo jirani ya Koboko, ilifunguliwa mwezi Agosti, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu. Sehemu kubwa ya ardhi ile haikuwa ya serikali. Ilitolewa na koo, na baadhi ya wazee walioitoa walikuwa wamepewa mashamba huko Yei mwaka 1980. Visima havikutosha, na kwa miezi mingi maji ya Naili yalichotwa, yakasafishwa, yakapandishwa vilimani kwa malori ya matangi, na wakimbizi wakapanga madumu yao ya manjano kando ya barabara tangu alfajiri.